Uhamisho wa Ndugu Mtambo

Nchi ninayoisimulia haipo. Nasema mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari. Bendera yake huijui, wimbo wake hujawahi kuuimba ukiwa umesimama juani, na mawaziri wake hawana undugu na mtu yeyote unayemfahamu. Ukiona mahali imefanana na ya kwenu, hiyo ni bahati yako mbaya, mimi simo. Nilikuwa karani wa masijala kule kwa miaka thelathini na moja. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzigonga muhuri na kuzilaza kwenye majalada. Sijawahi kuilaumu Serikali hata siku moja. Serikali yetu ilikuwa na nia njema siku zote za kazi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi.

Katika nchi hiyo kulikuwa na kijiji kinaitwa Pembezoni B. Pembezoni A hakijawahi kuonekana na mtu. Wataalamu wa ramani walisema kipo, ila wananchi wake hawatoi ushirikiano. Pembezoni B kilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka wilayani, kupita pale barabara ilipokata tamaa. Maji yake yalikuwa ya lambo moja. Watu walichota upande wa mashariki, ng'ombe waliingia upande wa magharibi, na maji, kwa kuwa hayakusoma, hayakujua mpaka uko wapi.

Hapo aliishi Bi Nyamizi, mkulima, mjane, aliyezika watoto wawili kwa ugonjwa wa kuhara. Alibaki na mmoja, Kalunde, binti wa miaka mitatu mwenye shingo nyembamba na tumbo lisilotulia. Kuni zilikuwa mbali kama maji yalivyokuwa machafu, kwa hiyo walichemsha siku walizojaliwa. Kila Kalunde aliponyanyua kikombe, mama yake aliacha alichokuwa akifanya akamtazama. Wizarani tulikuwa na takwimu za kijiji hicho. Zilisema wakazi wote wanapata maji, na ni kweli walikuwa wanayapata.

*

Siku moja wafadhili wa nchi za mbali wakatoa zawadi: mtambo wa kusafisha maji kwa nguvu ya jua. Ulikuwa na umbo la sanduku la safari, una mpini na magurudumu mawili. Ukiufungua unakunjua mbawa mbili nyeusi za kukusanya mwanga, pampu inanyonya maji ya lambo, yanapita kwenye machujio na kwenye taa inayoua vijidudu, halafu yanatoka upande wa pili yakiwa meupe kabisa. Punda mmoja aliweza kuubeba bila kununa.

Mtambo ulipitia wilayani kwanza, maana kwetu hakuna kinachokwenda kijijini bila kupitia wilayani, labda mvua. Mwenye kazi ya kusajili vifaa ni Afisa Ugavi, lakini huyo alikuwa kwenye semina tangu mwaka juzi, na fomu za vifaa alizifungia kabatini akaondoka na ufunguo. Mtambo ukapelekwa mlango wa pili, kwa Afisa Utumishi, Bwana Chilongani. Huyu alikuwa mtu makini sana, mwenye kalamu nne mfukoni, na fomu alizokuwa nazo zilikuwa za aina moja: fomu za ajira.

Akauzunguka mtambo mara mbili, kisha akamgeukia dereva aliyeuleta.

"Kinafanya kazi?"

"Kinafanya, mzee."

"Saa ngapi?"

"Jua likishapanda mpaka linapozama."

"Na kukiwa na mawingu?"

"Kinapumzika."

"Kimetumwa mbali na kilikotoka?"

"Mbali mno, mzee."

"Na kikitakiwa kituo kingine, kinahamishika?"

"Si hayo magurudumu unayaona."

Bwana Chilongani akaitua kalamu mezani. "Huyu ni mtumishi wa umma," alisema. "Mnanitania nini?"

Wala hakukosea kwa mujibu wa kanuni. Kanuni ilisema mtumishi ni yeyote afanyaye kazi saa za mchana, mbali na alikozaliwa, kwa niaba ya Serikali. Alijaza fomu kwa mwandiko wa kupendeza. Ninayo kumbukumbu yake mpaka leo. Jina: Ndugu Mtambo wa Jua. Jinsia: aliinama akachungulia nyuma, akaandika "Mume". Tarehe ya kuzaliwa aliitoa kwenye kibandiko cha kiwandani, ikaonekana mwombaji ana umri wa mwaka mmoja na miezi minne, akasahihisha iwe miaka thelathini na moja. Cheti cha elimu: ile karatasi ya dhamana ya kiwanda. Picha ikapigwa mbele ya shuka la bluu, mbawa zimefunuliwa kidogo, kwa kuwa masharti yanataka masikio yote mawili yaonekane.

Ndivyo Ndugu Mtambo alivyopanda punda kwenda kuripoti kituo chake cha kwanza cha kazi.

*

Nitasema wazi, hata mimi niliyekaa mjini na bomba langu, niliposoma taarifa za Pembezoni B nilifurahi. Ndugu Mtambo alifanya kazi. Wananchi walipanga foleni na madumu asubuhi, na kabla ya adhuhuri kila nyumba ilikuwa na maji ambayo ukiyatia kwenye bilauri unamwona mtu wa upande wa pili. Wazee wengine waliyakataa siku mbili tatu wakisema hayana ladha. Waliyokuwa wakiikosa ni ladha ya ng'ombe.

Bi Nyamizi alijitwika mwenyewe kazi ya kumhudumia. Alimpangusa vumbi kwenye mbawa kwa pembe ya kanga, akamwosha machujio, akamgeuza kulifuata jua. Wiki ya tatu tumbo la Kalunde likatulia. Wiki ya sita shingo ikanenepa, akaanza kukimbia, akaanza kuiba karanga za bibi yake. Nyamizi alikaa kizingitini anamtazama anavyokunywa, akacheka peke yake mpaka jirani akamwuliza kuna nini.

"Hakuna kitu," alisema. "Ndicho kinachonichekesha."

Mwisho wa mwaka ikaja fomu ya tathmini ya watumishi. Je, mtumishi huchelewa kazini? Hapana. Hutoroka kabla ya muda? Hapana. Ana lugha chafu kwa wananchi? Hajasikika. Hunywa kazini? Hapa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lubinza, alisita, kisha akaandika: hunywa sana, lakini hutoa chote.

Alama kama hizo hazikuwahi kuonekana nchini. Mei Mosi Ndugu Mtambo akatangazwa mfanyakazi hodari wa taifa, na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Kulwijira, Waziri wa Maji na Vimiminika Vingine, akamwandikia barua. Mimi ndiye niliyeigonga muhuri. Ilisema: "Kwa kutambua kwamba umefanya kazi iliyotukuka katika mazingira magumu, Serikali imeamua kukutoa katika mazingira hayo."

Ndiyo desturi yetu. Mwalimu akifundisha vizuri huko vijijini, tunamtoa darasani tunampa ofisi mjini. Nesi akipendwa na wagonjwa, tunamhamisha asije akazoeleka. Kijijini anabaki yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifanya jambo.

Bwana Chilongani alikwenda mwenyewe kumchukua. Wanakijiji wakaamriwa kupiga ngoma za kuaga.

"Sasa afisa," Mzee Lubinza aliuliza, "yeye akienda, sisi tutakunywa nini?"

"Leo mnampongeza, mzee wangu. Mambo ya kunywa yana idara yake."

*

Makao makuu Ndugu Mtambo alipewa nafasi ghorofa ya tisa, kwenye ukumbi wa kati usio na dirisha, hatua chache kutoka masijala yangu. Aliizoea ofisi upesi kuliko mtumishi yeyote niliyemwona: tangu siku ya kwanza hakutoa hata tone. Walimtandikia zulia. Juu yake wakaweka kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki. Aliitwa kwenye vikao, na kwa kuwa alikaa kimya tangu kikao kikifunguliwa mpaka kikifungwa, wakubwa wakamwona ni mtu mwenye busara na asiye na makundi. Mwezi wake wa tatu pale akapandishwa cheo kuwa Mkurugenzi Msaidizi.

Pembezoni B wakarudi lamboni. Siku ya kumi na mbili Kalunde akaanza kuharisha.

Bi Nyamizi alimfunga mtoto mgongoni, akatembea siku mbili mpaka wilayani. Alimkuta Bwana Chilongani anachonga penseli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una miadi?"

"Sina. Nimekuja kumwombea Ndugu Mtambo arudi. Mtoto wangu anaumwa, na watoto wa wenzangu wanaumwa."

"Mama, raia hamwombei mtumishi uhamisho. Mtumishi hujiombea mwenyewe, kwa barua."

"Yeye hawezi kuandika."

"Wengi hawawezi, na bado wanaandikiwa." Akafungua kitabu cha kanuni. "Halafu sababu zinazokubalika ni mbili tu. Kubadilishana vituo na mwenzake, au kumfuata mwenza."

"Kumfuata mwenza ndiyo nini?"

"Mume yuko kule, mke yuko huku. Serikali haipendi ndoa zivunjike, tunawakutanisha."

Nyamizi alikaza mbeleko. Mgongoni Kalunde alikuwa amelala usingizi wa homa, mdomo wazi.

"Mimi ndiye mke wake," alisema.

Mtu mwingine angecheka. Bwana Chilongani hakucheka, maana kanuni hazikumwelekeza kucheka. Alinyanyua macho polepole.

"Una cheti?"

"Nikikileta?"

"Ukikileta nitakifanyia kazi."

Tangazo la ndoa likabandikwa bomani siku ishirini na moja, kama sheria inavyotaka, na hakuna aliyeleta pingamizi. Mzee Lubinza akasimama badala ya bwana harusi, ambaye alikuwa safari ya kikazi. Msajili aliuliza kama wote wawili wameridhia. Mzee Lubinza akasema kwa upande wa mume hajasikia malalamiko. Bi Kabula, mama mzazi wa Nyamizi, alipiga vigelegele huku machozi yanamtoka, na hakusema yalikuwa ya nini. Kalunde alibebwa kwenye harusi ya mama yake kwa kuwa hakuweza kusimama.

Majibu yalikuja haraka, nikayagonga muhuri kwa mkono wangu. Serikali imefurahishwa na ndoa hiyo. Hata hivyo, kwa mujibu wa kanuni, mwenza mwenye cheo cha chini ndiye humfuata mwenye cheo cha juu. Bi Nyamizi, asiye na cheo, anaagizwa kuripoti makao makuu kuishi na mumewe.

*

Alimwacha mtoto kwa Bi Kabula, akaja. Nilimwona akitoka kwenye lifti amejishika ukutani, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Akamwona mumewe juu ya zulia. Aliondoa yale maua ya plastiki, akaondoa kitambaa, akaanza kumpangusa mbawa kwa pembe ya kanga. Kisha akaja kwenye dirisha langu.

"Baba, yule ni mume wangu. Natoka naye vipi?"

"Mama," nilimwambia, "Mkurugenzi Msaidizi hatoki hivi hivi. Hutoka kwa likizo, na likizo zimesitishwa mpaka uchaguzi upite."

"Uchaguzi lini?"

"Umesitishwa."

"Hakuna njia nyingine?"

Nami, kwa kidole changu hiki, nikamwonyesha ubao wa matangazo. Kulikuwa na tanzia ya mkurugenzi fulani. Ilisema mwili utasafirishwa na Serikali hadi kijijini kwao kwa maziko.

"Wanampeleka kweli?" aliuliza. "Hata kijiji kikiwa wapi?"

"Mama, hapo Serikali yetu haijawahi kushindwa. Akiwa hai tunaweza kumchelewesha. Maiti hatujawahi kuichelewesha hata moja."

Aliusoma ule ubao pole pole, midomo ikicheza. Akarudi kwenye zulia, akakaza kanga kiunoni, akapiga magoti. Halafu akatoa ukelele ambao miaka yangu yote sijausikia tena mjini.

"Mume wangu! Mume wangu amekufa!"

Milango kumi na minne ikafunguka kwa mpigo mmoja. Waliokuwa wamelala wakaamka. Akaja daktari wa Wizara na kipimo chake cha kusikilizia moyo, akakiweka ubavuni mwa Ndugu Mtambo, akakihamisha, akakiweka tena.

"Wa baridi," alitangaza. "Hana mapigo. Hapumui. Ukimmulika, haonyeshi dalili."

"Amekufa lini?" aliuliza Waziri, aliyetoka ofisini na soksi tu.

Katibu wake akajikuna shingo. "Mheshimiwa, kiutendaji ilikuwa vigumu kujua. Jana kwenye kikao alikuwa hivihivi."

Mheshimiwa Dakta Kulwijira alitoa kitambaa akajifuta macho. Nilimwamini. Nyamizi alikuwa amelikumbatia lile sanduku analia, naye nikamwamini, na hapo ndipo nilipoogopa, maana mtu anayeigiza halii hivyo. Baadaye sana aliniambia alikuwa akimwona Kalunde.

*

Kwa miaka ishirini na sita jalada langu lilikuwa na ombi la barabara ya Pembezoni B. Barabara ile ililimwa kwa siku mbili ili jeneza lisitikiswe. Msafara ulikuwa wa magari kumi na moja, la mbele likiwa na king'ora, na nilipewa kiti kwenye la mwisho kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na jalada. Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini kwa utaratibu mzuri, wanaume huku, wanawake kule, wakilia kwa zamu. Mzee Lubinza alikuwa amewapanga baada ya kupata ujumbe wa siri kutoka kwa Nyamizi.

Bi Kabula akasimama mbele ya jeneza, mikono kiunoni. "Aingizwe ndani aoshwe," alisema.

"Ameshaandaliwa mjini," alisema Bwana Chilongani.

"Mjini wamemwandalia mjini. Hapa ni kwake. Mume wa mtu hazikwi na vumbi la njiani."

"Basi niwepo. Kama Afisa Utumishi nahitajika kuthibitisha kwamba marehemu ndiye."

Bi Kabula alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Wewe baba, kwenu hakukufa mtu? Tangu lini mwanamume mgeni akaingia wanawake wanapoosha? Kwetu mume huoshwa na mkewe, na mke yumo ndani. Utamwosha wewe?"

Wazee wakaguna. Hata Waziri akatikisa kichwa kwa haya. Bwana Chilongani, mtu asiyeogopa kanuni yoyote iliyoandikwa, alirudi nyuma mbele ya hii isiyoandikwa, akasimama karibu na mlango.

Ndani walifungua jeneza. Mpango ulikuwa mwepesi: kumtoa marehemu, kuweka jiwe la kusagia na mawe mawili ya jikoni yaliyofungwa kwa shuka, na kupiga misumari. Kilichosahaulika ni paa. Paa la Nyamizi lilikuwa la nyasi, lina tundu la kiasi cha sahani, na saa sita ile jua lilishuka moja kwa moja likatua kwenye ubawa uliofunguka. Ndugu Mtambo, baada ya miezi mitatu gizani, akaguna. Kisha pampu ikaanza kukoroma.

"Nimesikia sauti!" alipaza Bwana Chilongani mlangoni.

"Ni mjane!" alijibu Bi Kabula kutoka ndani, na wanawake ishirini wakaangua kilio kwa pamoja mpaka kuku wakaruka uani.

"Mbona analia kama mashine?"

"Na wewe mkeo akikufia utalia kama nini?"

Ndani mtu akatupa kanga juu ya ule ubawa, pampu ikanyamaza, misumari ikapigwa. Jeneza likatoka, na vijana sita walilibeba kwa uzito uliowashangaza wao wenyewe.

Waziri alihutubia saa moja na dakika arobaini. Nanukuu kidogo tu. "Ndugu Mtambo alikuwa mwadilifu," alisema. "Hakula rushwa. Nimehakikishiwa na daktari kwamba hakula chochote. Hakuwahi kunipinga katika kikao hata kimoja. Vijana, mwigeni! Ametoka hapa penu akaja kwetu, akatoka kwetu amerudi hapa penu. Nani kati yenu amesafiri kiasi hicho?" Maji yake ya chupa yalimwishia katikati ya hotuba. Mzee Lubinza akamletea kikombe cha lamboni, kama tunavyomkirimu mgeni. Waziri alikitazama kile kikombe, akakirudisha kwa adabu, akasema amefunga kwa heshima ya marehemu.

Halafu akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia. Kwa shujaa kama huyu, alisema, Serikali haitaacha kaburi la udongo. Akaashiria kwa fimbo. Gari la nyuma likafunguliwa, likashushwa shehena ya saruji, saruji ya kwanza kuonekana Pembezoni B, na mafundi wanne wakakoroga zege pale pale, wakamimina juu ya jeneza tabaka la unene wa mkono mzima. Kijiji kikatazama shule yake isiyo na sakafu, kikatazama zege. Nyamizi alikaa mkekani ametulia. Jiwe lake la kusagia, alilorithi kwa bibi yake, lilikuwa linazikwa na Jamhuri.

"Na ili wasimwibe," Waziri alimalizia, "namwacha askari. Atalilinda kaburi hili na kuniletea taarifa kila wiki."

Hapo ndipo nilipomwona Nyamizi akigeuka kuitazama nyumba yake.

*

Askari yule aliitwa Konstebo Nzota, mtu mrefu, mpole, aliyetoka mikoa ya ziwa. Aliweka kibanda chake cha turubai pembeni mwa kaburi, na kutoka hapo hadi uani kwa Nyamizi ni umbali wa kuitana tu. Wiki nzima Ndugu Mtambo alibaki amefunikwa chini ya mikeka. Wiki nzima Konstebo alikunywa maji ya lamboni kama kila mtu, na siku ya nne hakuweza tena kulilinda kaburi kwa sababu ya kwenda vichakani. Taarifa yake ya kwanza, ninayo, imeandikwa kwa mkono dhaifu: "Marehemu hana tatizo. Mimi ninalo."

Kalunde naye alikuwa mkekani, midomo imekauka, haombi hata karanga. Siku ya nane Nyamizi hakuweza tena. Jua lilipopanda alimtoa mtambo uani mchana kweupe, akamkunjua mbawa, akatia bomba kwenye ndoo ya maji ya lambo. Pampu ikakoroma kijiji kizima kikasikia. Alikuwa anamnywesha mtoto kwa kijiko pale kivuli kilipomwangukia mgongoni.

Hakugeuka. Yaliyofuata alinisimulia Konstebo mwenyewe, alipoleta taarifa kwa mkono.

"Mama," alisema, "huyu si ndiye marehemu?"

"Ndiye."

"Na mle ndani tumezika nini?"

"Jiwe la kusagia la bibi yangu." Akampa mtoto kijiko kingine. "Mwanangu, sikiliza. Nimezika watoto wawili, wapo kule nyuma ya mlonge. Wao hawakuletewa gari. Hawakuletewa hata baiskeli, nilikwenda nao mikononi. Hili sanduku lililetewa barabara. Kama unakwenda kuandika, nenda kaandike, lakini niache kwanza nimalize hiki kikombe."

Konstebo Nzota ana watoto, alinieleza, watatu, na wa kati ana umri kama wa Kalunde. Akavua kofia, akachutama, akakinga kikombe chake cha bati chini ya bomba. Akanywa. Akakinga tena, akanywa, akajaza na chupa yake ya kiunoni. Alisema kitu cha kwanza alichogundua ni kwamba bati la kile kikombe lilikuwa na maua chini, na hakuwahi kuyaona.

Kisha akakigeuza kile kiti chake cha ulinzi kikatazama barabara, ili gari lolote lenye king'ora alione yeye kwanza, na akaomba kalamu.

Taarifa ile ilinifikia Ijumaa. Mkubwa wangu aliisoma, akairidhia, nikaigonga muhuri na kuilaza kwenye jalada, na tangu siku hiyo ikawa inakuja kila wiki bila kubadilika hata herufi: "Kaburi ni salama. Hali ya watoto ni nzuri. Marehemu yuko kituoni na hajaomba uhamisho."